Taa za Krismasi zinazoendeshwa na kompyuta: ukianza Nairobi, nunua hivi

Kila mwaka ikifika Novemba majirani wananiuliza swali lile lile, hizo taa za kwako zinazokimbia rangi kwa rangi ulitoa wapi na mtu anaanza na gani. Nimezipanga hapa kutoka ile ningekwambia ununue kwanza hadi ile ningekukataza kabisa, na kipimo changu ni kimoja: ikizima tarehe 23 Desemba, utaweza kuitengeneza hapa hapa mjini au itakaa giza mpaka mwaka ujao? Urembo unakuja baada ya hapo.

Kabla hujatoa pesa elewa hivi. Stripu ya rangi ya kawaida inabadilika yote pamoja, ikiwa nyekundu ni nyekundu mwanzo hadi mwisho. Pikseli nazo kila taa ina chipu yake ndani, kwa hivyo kompyuta inaweza kuiambia ya tatu iwe nyekundu na ya nne iwe kijani. Ukienda Luthuli Avenue, kwenye maduka ya elektroniki mjini, uulize taa za smati utaonyeshwa zote mbili kwa mkupuo, na wauzaji wengine hata hawajui tofauti, kwa hivyo inama uangalie mwenyewe pale stripu inakatiwa. Ukiona imeandikwa R, G, B, hiyo ni ya kawaida hata kama rimoti yake ina vitufe 44. Ukiona DI au DIN na mshale mdogo, hiyo ndiyo pikseli. Huo mshale ndio unaonyesha data inaelekea wapi, ukiunga kinyume haiwaki.

Namba 1: ESP32 yenye WLED, na pikseli za WS2811 za 12V
Ningekuwa naanza leo ningenunua hii bila kufikiria mara mbili. Pikseli za WS2811 (hilo ni jina la chipu yake) ni vile vitaa vya plastiki umbo la risasi, kawaida huja 50 kwa waya mmoja. ESP32 ni bodi ndogo kama kiberiti, ndiyo kompyuta inayoziamuru taa, mimi yangu nililipa kama elfu moja hivi hapa mjini. WLED ni programu ya bure inayokaa ndani ya hiyo bodi, unaiweka kwa kutumia Chrome kwenye laptopu, hakuna kuandika msimbo (code) wowote, ila tafuta kebo ya USB inayopitisha data maana kuna zile za kuchaji tu zitakupotezea jioni nzima. Ikishaingia bodi inatoa waifai yake inaitwa WLED-AP, paswadi ni wled1234, unaingia na simu unaiambia una taa ngapi na ziko kwa pini gani basi unaanza kuchagua mitindo, iko zaidi ya 100. Taa zikiwa hafifu usikimbilie kumlaumu muuzaji, WLED ikiwa mpya imejiwekea kikomo cha miliampea 850, ipandishe kulingana na pawa saplai yako (ile adapta inayozipa taa umeme). Na ukibonyeza nyekundu ikatokea kijani badilisha mpangilio wa rangi kwa setingi, taa haina shida.

Kwa nini 12V? Kwa sababu umeme wa volti ndogo unachoka njiani. Mwaka wangu wa kwanza niliweka stripu ya 5V mita 5 mbele ya nyumba, taa 300, nikaunga umeme upande mmoja tu. Nikawasha nyeupe. Mwanzo ilikuwa nyeupe safi, katikati ikaanza kuwa manjano, ikifika kona ya mwisho ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Bluu na kijani zinataka volti zaidi kuliko nyekundu ndiyo maana hizo ndizo zinakufa kwanza. Dawa yake ni kupeleka waya mwingine wa umeme hadi ule mwisho, na kwa 12V utahitaji kufanya hivyo mara chache zaidi.

Hapa kwa pawa saplai usibane pesa. Pikseli ya 5V ikiwa nyeupe kabisa inakula hadi miliampea 60, kwa hivyo 200 ni ampea 12, wati 60. Ukiwasha masaa matano kila usiku kwa siku 30 ni yuniti 9 za tokeni, tena hiyo ni nyeupe muda wote, rangi zinakula chini ya hapo. Kwa za 12V soma wati kwenye lebo. Nunua saplai yenye nafasi ya ziada, weka fyuzi, na kama itakaa nje chukua ile iliyozibwa isiingie maji, ya IP67. Zile za bati lenye matundu skrubu zake za 240V ziko wazi, hizo ni za ndani ya boksi lililofungwa mbali na watoto, na upande wa 240V mpe fundi wa stima.

Namba 2: ESP32 hiyo hiyo na stripu ya WS2812B ya 5V
Nzuri kwa veranda, dirisha, mti wa sebuleni. Stripu iwe fupi tu, kwa sababu ni ya 5V.

Namba 3: Taa zilizokamilika, kama Twinkly
Unachomeka, unafungua apu, kamera ya simu inasoma kila taa iko wapi, na kweli zinapendeza. Ukiwa umepanga nyumba na keteka wa ploti hataki kuona waya, hii inakufaa. Lakini bei yake iko juu, ukiagiza nje kuna ushuru na VAT ya asilimia 16, na kontrola yake ikikufa fundi wa mtaani hana spea.

Namba 4: Raspberry Pi yenye FPP, pamoja na xLights
Hii ndiyo ya kucheza taa na muziki: Raspberry Pi ni kompyuta ndogo, xLights ni programu ya kupanga taa zifuate wimbo, na FPP ndiyo inayozicheza. Programu zote mbili ni za bure na mimi nazipenda sana, lakini kupanga wimbo mmoja wa dakika tatu kunakula wikendi nzima, kwa hivyo iache ya mwaka wa pili. Pikseli zako za namba 1 zitafanya kazi bado, hakuna hasara.

Namba 5: Rilei na taa za kawaida za 240V
Rilei ni swichi inayowashwa na kompyuta. Usianze na hii. Mvua za Novemba na 240V kwenye fensi, hapana jamani.

Kuhusu hiyo mvua: jointi yangu ya getini niliifunga na tepu tu, wiki mbili baadaye shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani na taa zote baada ya hapo zikazima, kwa sababu data inapita taa moja hadi nyingine. Nilikata kile kipande, nikasolda upya, nikafunika na mpira wa kubana kwa moto na silikoni ndani, ikawaka usiku huo huo. Kwa hivyo nunua pikseli kumi za ziada za aina ile ile, siku ile ile.

Weka bodi karibu na taa ya kwanza, mita moja au mbili, maana ESP32 inatoa data ya volti 3.3 tu na waya ukiwa mrefu taa zinaanza kuchezacheza. Ikibidi iwe mbali ongeza chipu ya 74AHCT125, inayopandisha data hiyo hadi volti 5.

Agiza mapema, kabla Oktoba haijaisha, na kama kwenu mnasherehekea Diwali basi mapema zaidi. Na dukani usilipe kabla muuzaji hajaziwasha zote 50 mbele yako, nyekundu, kijani, bluu, halafu nyeupe.