Diski ya nje ya kununua, kompyuta inapojaa

Kompyuta mpakato nyingi zinazofikishwa kwa mafundi wa Ngamiani, hapa Tanga, kwa malalamiko kwamba zimekuwa nzito, hazina ubovu wowote isipokuwa kujaa video za harusi na picha za miaka.

Mwenye tatizo hilo namshauri kwanza diski ya nje yenye sahani inayozunguka (HDD), ile ndogo ya inchi 2.5 inayopata umeme kwa waya wake wa USB, yenye terabaiti 1 au 2, kwa kuwa ndiyo inayotoa nafasi kubwa kwa bei ndogo, na faili za kutunzwa tu hazidai kasi. (Windows ikikuonyesha gigabaiti 931 badala ya terabaiti 1, hukuibiwa, mtengenezaji huhesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024.) Ile ya inchi 3.5 hutaka umeme wa ukutani, nao ukikatika katikati ya kunakili ni balaa, mimi siichukui.

Ya pili ni SSD, diski inayotunza faili kwenye chipu. Haina sahani inayozunguka, hivyo huvumilia mtikisiko wa bodaboda, na anayehariri video moja kwa moja kutoka kwenye diski aipe nafasi ya kwanza. Kasoro yake ni bei, na bei hiyo ndiyo iliyoleta bandia. Niliwahi kufungua moja iliyoandikwa terabaiti 16: ndani ya kasha jepesi kama la kiberiti mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyobandikwa kwa gundi. Diski kama hiyo huidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake, ikapokea faili bila kulalamika, kumbe zilizozidi uwezo wake zinapotea. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski na kuisoma upya, na uongo hujitokeza.

Diski ya zamani ya kompyuta yako, ikitiwa kwenye kasha la USB, ni ya tatu kwa sababu ya umri wake. Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia.

Dukani, chagua ya USB 3.0, ambayo kichwa cha waya wake mara nyingi kina ulimi wa buluu. Ukiipata imeandaliwa kwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kutunza faili kwenye diski), iformati iwe exFAT kabla ya kuweka chochote, maana FAT32 hukataa faili inayozidi gigabaiti 4. Ukishahamisha, fungua faili kadhaa kutoka kwenye diski ndipo ufute za kompyuta, na za thamani ziwe na nakala ya pili mahali pengine. Kisha mwaga pipa la taka, kwa kuwa kabla ya hapo nafasi hairudi.