Mizani ndogo ya mpwa wangu, miezi saba juu ya meza ya sonara

Mizani hii sikuinunua. Aliniachia mpwa wangu anayeishi Ohio, alipokuja harusini Desemba. Kule kwake alikuwa akipimia baruti, mie hapa Ngamiani, Tanga, napimia dhahabu. Nimekaa nayo miezi saba, sasa naweza kuisema.

Ni kijidude cheusi cha plastiki chenye kifuniko, kinaingia mfuko wa shati. Inabeba mpaka gramu 50, inasoma hadi sehemu moja ya elfu ya gramu, na imekuja na vijiwe viwili vya chuma vya gramu 20 vya kuirekebishia. Inatumia betri, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami. Mwenyewe anasema aliipata kwa dola 30. Jina la aliyeitengeneza halijaandikwa popote, nami sikulitafuta.

Kilichonivuta kwanza ni kitufe cha kubadili vipimo. Gramu ipo, karati ya mawe ipo, tola ipo, halafu ikatokea greni, kile kipimo kidogo cha uzito cha zamani. Greni niliisikia mara ya mwisho kwa marehemu baba, aliyenikaririsha kwamba tola ni greni 180 na wakia ya dhahabu ni greni 480. Nilidhani imezikwa naye. Kumbe Wamarekani wanaojijazia risasi nyumbani ndiyo lugha yao: baruti kwa greni, risasi kwa greni, na ratili yao moja ni greni 7,000. Risasi anayoipenda mpwa ina greni 220. Nikapiga hesabu palepale kibarazani: tola moja na karibu robo. Bangili nyembamba hiyo, inarushwa hewani!

Nikamuuliza ya nini risasi nzito namna ile. Akaweka kikombe cha kahawa chini, akaanza. Bunduki yake, ya kaliba inayoitwa .300 Blackout, ameifunga kizuia sauti, na kizuia sauti hicho amekisajili, kwa sababu kule kuna sheria ya mwaka 1934 inayodai hivyo. Kizuia sauti kinapoza ule mvuke wa baruti unaotoka mdomoni mwa mtutu. Lakini risasi ikiipita sauti mbio, inapasua hewa kwa mlio wake yenyewe huko inakokwenda, na hapo hakuna chombo cha kuuziba. Dawa ni kuifanya iende polepole, na ikienda polepole lazima iwe nzito ili ifike na nguvu. (Aliyekipatia hataza kizuia sauti mwaka 1909 ni Hiram Percy Maxim, mtoto wa Maxim yule aliyebuni bombom, bunduki za kumimina risasi, zile zilizolia hapahapa Tanga Novemba 1914 Waingereza walipojaribu kushuka. Baba kelele, mwana kimya.)

Sasa mizani inaingia hapa. Sauti yenyewe haina mwendo mmoja. Kwenye joto letu la nyuzi 32 inakwenda kama mita 351 kwa sekunde. Kwenye baridi ya Ohio, nyuzi 10 chini ya sifuri, inashuka mpaka kama 325. Risasi iliyokuwa kimya Julai inaweza kupiga ukelele Januari. Mpwa hulenga mita 320 hivi, asisogelee mpaka. Na hawezi kushuka anavyotaka, maana baruti ikipungua mno risasi inakwama ndani ya mtutu, na ukifyatua nyingine nyuma yake, mtutu unapasuka na wewe uko shavu kwa shavu nao. Baruti yenyewe ni kidogo, kwa hiyo kosa la punje chache linaonekana.

Siku moja alipima baruti ya risasi kumi kwa mizani hii, anadondoshea baruti punje kwa punje mpaka tarakimu ifike. Tisa zikatoka kwa adabu. Ya kumi ikalia paa, mpaka jirani akachungulia. Alipopima upya akagundua ugonjwa wake: ukiongeza kidogo kidogo sana, mizani inadhani ni yenyewe inayumba, inajirekebisha kimyakimya, namba haipandi. Kilichomo kinazidi kilichoandikwa.

Nilimsikiliza kama mtu anayesikia habari za mbali. Wiki tatu baadaye yakanikuta. Mama mmoja wa Chuda alitaka arudishiwe hata vumbi la tupa kutoka kwenye bangili zake, haki yake. Nikawa nalidondosha kwenye kisahani kwa brashi, taratibu, naona 0.41, 0.41, 0.41, na macho yangu yanaona vumbi linaongezeka. Nikamkumbuka mpwa. Nikainua kisahani chote, nikakirudisha: 0.46. Yule mama alikuwa amekaa mbele yangu anaangalia. Afadhali ilikosea na kusahihishwa mbele yake kuliko angeipima mwenyewe kwa sonara mwingine.

Tangu hapo ndiyo desturi yangu: naweka, nainua, narudisha, nasoma ya pili. Ukifanya hivyo haikudanganyi. Usipofanya hivyo, itupe.

Mengine ni madogo lakini yanachosha. Feni ikizunguka, tarakimu za mwisho ni za Tanga kabisa, waja leo waondoka leo. Upepo wa baharini wa saa tisa alasiri nao hivyohivyo, nafunga dirisha natoka jasho. Simu ukiiweka karibu inaweweseka. Ukiiwasha asubuhi iache robo saa kwanza, ndipo uirudishe sifuri. Na kifuniko chake ni cha kutunzia tu, hakifungiki wakati unapima, kosa ambalo aliyeichora hakupaswa kulifanya. Mie naifunika kwa bakuli la kioo la mke wangu, ambaye bado analitafuta.

Kuuzia siitumii. Haina muhuri wa Wakala wa Vipimo, na mteja anayelipa ana haki ya mizani yenye muhuri. Ile kubwa inabaki mbele, hii iko nyuma na kazi za mkono: kugawa aloi (madini ya kuchanganya na dhahabu), kupima mawe madogo, kujua tupa imekula kiasi gani. Kwa kazi hizo sijaona yenye bei hiyo inayoishinda. Fundi anayeanza aichukue, ila asiiamini kabla hawajazoeana.

Nimemtumia mpwa ujumbe: mwanangu, ukija tena niletee kijiwe cha gramu 1. Hivi vya gramu 20 vinasoma sawasawa kila asubuhi, lakini havinielezi chochote kuhusu hereni ya mtoto.