Duka la viungo Mwanjelwa lililoniokolea kootu yangu

Jamani wana Mbeya mnaopenda kupika, kuna duka dogo la viungo pale sokoni Mwanjelwa lazima niliongelee, maana nimehangaika na kootu karibu mwaka mzima na kilichokuwa kinaniangusha ni nazi tu.

Kwa asiyeijua, kootu ni mchuzi mzito wa Watamili, kusini mwa India, choroko za kupaaza na mboga zinapikwa pamoja na nazi halafu unalia wali. Msichanganye na sambar, ile inapikwa kwa mbaazi na ukwaju na ni nyepesi zaidi. Mimi alinifundisha dada mmoja Mtamili tuliyepanga naye nyumba moja Dar, na alichonisisitizia ni kwamba kootu hukamui tui. Nazi unaisaga na bizari nyembamba na pilipili mpaka inalainika kabisa, unaimwaga yote sufuriani, yaani chicha inaliwa. Sasa huku kwetu nazi zinatoka pwani, nyingine zinafika zimeshachoka, ukikamua tui unaweza usigundue lakini kwenye kootu utaitafuna hiyo nazi na utajua tu. Nikasema ngoja nijaribu ya unga, nikanunua paketi supamaketi moja hapa mjini, ikanuka mafuta yaliyochacha, nikamwaga chakula chote na roho iliniuma kweli.

Mama wa hili duka anavunja nazi mbele yako. Maji anayakinga kwenye kikombe anakupa uonje, yakiwa machachu anaiweka pembeni anavunja nyingine na hakudai hela ya ile ya kwanza. Halafu anaikuna kwenye mbuzi palepale, nilipomwambia nakwenda kuisaga na chicha yake akasema "basi mwanangu nisifike chini kwenye kifuu, ile kahawia itakuharibia rangi". Mimi hapo akanimaliza, sijawahi kuambiwa hivyo na muuzaji yeyote.

Choroko zake ni safi, sijakuta jiwe hata moja. Mbeya tupo juu, kama mita 1,700 hivi, maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100 kwahiyo nafaka inachelewa kuiva, ila hizi nikiloweka nusu saa nikaweka na manjano zinaiva vizuri kwenye sufuria ya kawaida, punje bado unaziona. Nikatia boga na maharage machanga, nazi mwishoni ikachemka kidogo tu.

Kasoro ni haradali. Zile za kwake zimekaa sana, unaziweka kwenye mafuta ya moto zinatakiwa kupasuka patapata ndio zitoe harufu, zenyewe zimetulia mpaka zikaungua. Majani ya kari nayo anayo makavu tu, harufu hamna, mi naona bora uyaache kuliko kuweka hayo. Nilimwambia kuhusu haradali hakununa, akasema mzigo ukija atanitunzia. Mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, anao na ni mkali, weka kiasi cha punje ya mchele tu.

Nendeni mapema, ikifika saa tano nazi nzuri zimeshachukuliwa na mama lishe. Mimi Jumamosi nimeshaagiza nne.