Kompyuta ya kuhariri video kwa mtaji mdogo: ipi uichukue, ipi uiache dukani

Kompyuta ya kwanza niliyonunua kwa ajili ya kuhariri video ilikuwa na kibandiko cha Core i7. Muuzaji alikigonga kwa ukucha mara mbili, hakuongeza neno, nami nikalipa. Ilikuwa kompyuta mpakato ya mtumba, safi, skrini haina hata mkwaruzo. Wiki ileile nikapata kazi ya sendofu: kamera mbili, saa tano za picha, na familia inataka video kabla ya harusi ya Jumamosi inayofuata. Nikiicheza, picha inakwenda sekunde mbili, inaganda tatu. Hotuba ya baba wa binti niliikata kwa kusikiliza tu, maana midomo ilikuwa haifuatani na sauti. Nilipoanza kuitoa video nzima, mashine ilirenda usiku kucha, na saa kumi alfajiri ilikuwa bado asilimia 80.

Ndipo nikaenda kuangalia prosesa yenyewe, ubongo wa kompyuta: i7-7500U, viini 2, yaani mafundi wawili tu wa kugawana kazi. Mwaka mmoja tu baada ya prosesa hiyo, yaani 2017, Intel walitoa kizazi cha 8 cha prosesa zao, na i5 ya kawaida ya kizazi hicho, i5-8250U, ina viini 4. Kwa hiyo i5 iliizidi i7 yangu mara mbili kwa idadi ya viini, na kwenye meza za Kariakoo utazikuta zimelala bega kwa bega, ile yenye kibandiko cha i7 ikitajwa bei ya juu.

Tangu siku hiyo nimewasaidia wapiga picha wenzangu wengi kununua. Swali langu la kwanza kwao huwa lilelile: kamera yako inatoa nini?

Kamera ndiyo inayochagua kompyuta

Kama unapiga na Canon 700D au kamera ya umri wake, unapata video ya 1080p iliyobanwa kwa H.264, njia ya kupunguza ukubwa wa faili. Hiyo ni chakula chepesi. Kompyuta yoyote yenye viini 4 na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kutosha inaitafuna. Sony ZV-E10 na a6400 zinatoa 4K, lakini ni H.264 ya biti 8 (kipimo cha wingi wa rangi), nayo bado inastahimilika.

Mambo hubadilika ukianza kupiga kwa iPhone. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone 7 na zilizofuata hurekodi kwa HEVC, njia nyingine ya kubana video, usipozibadilisha mwenyewe kwenye mipangilio. HEVC inabana zaidi, kwa hiyo faili ni dogo, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Faili dogo linaweza kuwa zito kuliko kubwa, kwa sababu prosesa inatoka jasho kulifungua. Prosesa nyingi za Intel zina sehemu maalumu ya kazi hiyo, inaitwa Quick Sync, na kuanzia kizazi cha 7 inafungua hata HEVC ya biti 10 bila kuisumbua prosesa nzima.

Ngazi ya juu kabisa ni wenye Sony A7 IV, FX30 au Canon R6, zinazoweza kurekodi HEVC ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2, yaani rangi zilizohifadhiwa kwa undani zaidi. Hapa sikiliza vizuri, maana watu wanapoteza hela nyingi. Kadi za grafiki za NVIDIA za RTX 20, 30 na 40 hazina kifaa cha kufungua aina hiyo. Unaweza kununua kadi ya RTX 3060 kwa jasho lako, ukashangaa taimulaini, mstari unaopangia klipu, inasuasua vilevile. Prosesa za Intel za kompyuta mpakato za kizazi cha 11 zinaifungua, na za Apple kuanzia M1 pia zinaifungua.

Kwa wengine wote ipo dawa isiyouzwa: proksi. Programu ya kuhariri inatengeneza nakala ndogo za klipu zako, unakata kwa kutumia hizo, kisha wakati wa kutoa video inarudisha zile halisi. DaVinci Resolve ya bure inafanya hivyo, Kdenlive inafanya, Premiere pia. Unaziacha zitengenezwe wakati unakula chakula cha jioni. Laiti ningelijua hilo wiki ile ya sendofu, nisingekesha.

Ya kwanza: kompyuta ya mezani ya ofisini

Mtaji ukiwa mdogo na una chumba cha kufanyia kazi, sioni cha kuishinda. Dell OptiPlex 7060, HP EliteDesk 800 G4, Lenovo ThinkCentre M920: zote ni za kizazi cha 8, zilikaa maofisini ng'ambo zikiandika barua, leo zimejaa madukani. Ndani utakuta i5-8500 au i7-8700, zote za viini 6. Kwa hela ya namna hiyo, kompyuta mpakato itakupa 4.

Kizazi cha 8 nakisisitiza kwa sababu nyingine pia. Windows 10 ilikoma kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia, kwa kawaida, kizazi hicho. Ukinunua cha 6 kwa sababu ni bei poa, umenunua mashine ambayo mlango wake umeshafungwa.

Chagua yenye umbo la mnara. Zile ndogo kama kitabu zinapendeza, ila huwezi kuziongezea kadi ya grafiki. Kwenye mnara unaweza kuanza leo bila kadi, ukafanya kazi mbili tatu, halafu ukaweka GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Usipapie kadi kubwa kuliko hiyo: pawasaplai za hizi mashine za ofisini mara nyingi zina maumbo na plagi za kampuni yake, kwa hiyo kubadilisha ni kazi hata kwa fundi mzuri. Ukikuta prosesa yenye herufi F mwishoni, kwa mfano i5-9400F, jua haina grafiki ndani, na hivyo haina Quick Sync.

Ubaya wake unaufahamu: umeme ukikatika, kazi imekwenda. Hesabu UPS, betri ya kushikilia umeme, kwenye bei ya kompyuta tangu mwanzo. Na skrini. Dukani watakupa skrini yoyote ya ofisini kama nyongeza. Isogeze, itazame kwa ubavu, kisha kwa chini. Rangi zikigeuka, iache. Skrini za namna hiyo huwameza watu weusi: uso wa bibi harusi chini ya taa za njano za ukumbini unakuwa donge moja la kahawia, unaupandisha mwanga, na mteja akiutazama kwenye simu yake anauona umepauka kama umepakwa unga. Omba ya IPS, aina ya skrini isiyogeuza rangi ukiitazama kwa ubavu. Hili nalisema kwa uchungu, maana ngozi zetu ndizo kazi yetu.

Ya pili: MacBook Air ya M1

Ilitoka Novemba 2020 kwa dola 999 ikiwa mpya. Sasa zipo za mtumba kwa bei iliyoshuka sana. Viini 8, haina feni hata moja, skrini ina rangi za kuaminika, na inafungua hata zile HEVC za 4:2:2 zinazozishinda kadi za bei mbaya. Umeme ukikatika hujui. Kama unahama hama, leo Morogoro kesho Tanga, au una kamera za ngazi ya juu, kwako wewe hii ndiyo ya kwanza.

Nimeishusha hadi ya pili kwa sababu ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. RAM haiongezwi, SSD (hifadhi yake) haibadilishwi, na nyingi zilizopo sokoni ni za GB 8 na GB 256. Ukiikuta ya GB 16, ongeza hela uichukue. Nafasi zake za kuchomeka ni mbili tu, kwa hiyo utahitaji pia adapta ya kusomea kadi za kamera.

Kufuli lake ni hatari ya kweli. Mwambie muuzaji aifute yote mbele yako na kuianza upya hadi ifike kwenye skrini ya mwanzo. Ikiomba Apple ID ya mtu mwingine, au ikikuandikia kuwa inasimamiwa na shirika fulani, ondoka, hata akikuapia kuwa fundi wake ataifungua jioni.

Ya tatu: mpakato wa ofisini wa kizazi cha 8

ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 5490. Kwa mwanafunzi au anayeanza chaneli yake ya YouTube kwa 1080p, hapa ndipo pa kuingilia. Zina nafasi mbili za RAM, na zijaze zote mbili: grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima kwenye RAM, na vipande viwili huipa njia pana kuliko kimoja chenye ukubwa uleule. T480 nina mapenzi nayo ya pekee kwa sababu ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje, kwa hiyo unaweza kuichomoa ile ya nje na kuweka nyingine bila kuizima mashine.

DaVinci Resolve itaielemea. Tumia Kdenlive, Shotcut au CapCut. Na skrini zake nyingi zimepauka, kwa hiyo rangi zako zihakikishe kwenye simu nzuri kabla ya kumpa mteja.

Ya nne: mpakato wa michezo

Yenye GTX 1650 au 1660 Ti ina nguvu, hilo halina ubishi. Lakini ya mtumba mara nyingi imechemka miaka mitatu mikononi mwa kijana, feni zinalia, betri haifiki saa moja. Nimewaona wawili walioifurahia. Ninunue mimi? Nisipopata zile tatu.

Anayeweza kusubiri kidogo aitazame Mac mini ya M4. Apple waliitoa 2024 kwa dola 599 ikiwa na GB 16 za RAM tangu toleo la chini kabisa, jambo ambalo hawakuwa na desturi nalo. Ukiwa tayari una skrini, kibodi na UPS, na una ndugu anayekuja kutoka Dubai au Marekani, inazipita zote nilizozitaja.

Za kuacha

Mpakato mpya kabisa wenye prosesa dhaifu ya Celeron, RAM GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64: upya wake hautakusaidia, haufai hata kwa 1080p. MacBook za Intel: Apple wametangaza kuwa macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kuzihudumia, na si zote. Mitambo mikubwa yenye prosesa za Xeon kama HP Z440 inavutia kwa viini vingi, ila Xeon zake hazina Quick Sync. Bila kadi nzuri ya grafiki, HEVC ya simu itakutesa.

Hela igawe hivi

Robo ya bajeti isiguse kompyuta. Ni ya kufikisha RAM GB 16, ya SSD ya ndani ya GB 512, na ya diski ya nje ya kutunzia kazi. Piga hesabu: 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Harusi ya kamera mbili, saa nne kila moja, ni GB 360. Diski ya zamani inayozunguka inafaa kuhifadhia, si kuhariria. SSD za nje zenye TB 2 kwa bei ya kitonga mara nyingi ni kadi ndogo ndani ya kasha kubwa. Ijaze yote kwa programu ya H2testw kabla hujaiamini na harusi ya mtu.

Siku ya kununua

Nenda asubuhi, duka likiwa halijajaa. Chukua flashi yenye klipu za kamera yako mwenyewe na Shotcut ile isiyohitaji kusakinishwa. Weka klipu kwenye taimulaini, ongeza rangi kidogo, toa video ya dakika 20 huku umekaa hapohapo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc ifunguke Task Manager ya Windows, utazame kasi ya prosesa: ikianza juu kisha ikaporomoka na kubaki chini, joto linaibana, inahitaji kusafishwa na kupakwa pesti mpya ya kupitisha joto. Palepale utaona pia RAM imekaa kwenye nafasi ngapi. Kwa mpakato fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wa sasa. Programu ya CrystalDiskInfo itakuambia afya ya SSD na saa ilizofanya kazi.

Muuzaji akikasirika kwa dakika 20, una jibu lako. Akikuvumilia, malizia kwa kuiwasha upya na kuingia BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, uhakikishe haina nywila, usome namba ya mashine iliyomo humo, kisha uigeuze mashine uone kama ndiyo iliyoandikwa chini yake. Namba hiyo na siku za dhamana ziandikwe kwenye risiti kwa kalamu, zipigwe muhuri, ndipo utoe simu ulipe.