Sanduku la elementi 30: miezi saba mikononi mwa wanafunzi wangu

Nafundisha kemia. Kwa miaka 14 nimezifundisha elementi kwa chati ya ukutani, na kila mwaka hufika siku ninapoandika "densiti" (uzito wa kitu ukilinganishwa na ukubwa wake) ubaoni nikaona macho ya darasa zima yanazimika. Ndiyo maana nilijikamua nikanunua sanduku hili: vipande 30, vingi vikiwa michemraba ya metali yenye upande wa sentimita 1, na vichache vimetiwa kwenye vichupa vya kioo. Nimelitumia miezi saba, kwa madarasa manne.

Nianze na uzito, maana hapo pesa yangu ilirudi siku ileile. Mwanafunzi anafumba macho na kukunjua viganja. Namwekea magnesiamu upande mmoja, tangsteni upande wa pili. Ukubwa ni uleule. Magnesiamu haifiki hata gramu 2, huihisi kama kipande cha karatasi kilichokunjwa. Tangsteni ina gramu 19 na ushei, na mkono ulioibeba hushuka wenyewe. Msichana mmoja alifumbua macho akachungulia chini ya kiganja chake, akidhani kuna anayemvuta. "Mwalimu, humu ndani wamejaza nini?" Hawakujaza kitu, nikamwambia, ni tangsteni tupu mpaka katikati. Nilipoandika densiti ubaoni siku hiyo, hakuna aliyeniuliza maana yake.

Kabla ya kuwapa, niliipima michemraba yote kwa mizani ya maabara. Kwa gramu: alumini 2.7, titaniamu 4.5, zinki 7.1, chuma 7.8, shaba 8.9, risasi 11.3. Kingo zimesagwa kidogo zisikwaruze mikono, kwa hiyo mizani husoma pungufu kidogo ya vitabu, lakini mpangilio haukosei hata mara moja. Vijana walipojua kuwa dhahabu nayo ina densiti ya 19.3, karibu sawa kabisa na tangsteni, waligundua wenyewe jinsi matapeli wanavyoweza kuficha tangsteni ndani ya kipande cha dhahabu na mizani isiseme kitu. Sikuwadokeza.

Shaba na titaniamu nazo zimenipa somo ambalo sikulipanga. Vyote viwili vimelala usiku kucha kwenye sanduku moja, joto lao ni moja, lakini ukivishika shaba ni baridi na titaniamu ni vuguvugu. Shaba hunyonya joto la vidole na kulisambaza upesi mno, titaniamu inalipokea polepole. Wekeni barafu ndogo juu ya kila mmoja mshuhudie: juu ya shaba inayeyuka mkiwa mnatazama.

Sasa kasoro, na ya kwanza ni kubwa.

Sanduku limepangwa kwa mfano wa jedwali la elementi, kila kipande kwenye shimo lake la sponji. Mimi naupenda mpangilio huu kwa moyo wote. Galiamu inakaa mara tu chini ya alumini, na nafasi hiyohiyo ndiyo iliyomwezesha Mendeleev, mkemia Mrusi aliyelipanga jedwali hilo, kuitabiri elementi hii kabla hajaiona mtu yeyote. Mkemia Mfaransa Lecoq de Boisbaudran alipoipata mwaka 1875 na kupima densiti yake akapata 4.7, Mendeleev alimwandikia kwamba inapaswa kuwa kama 5.9. Mfaransa akaisafisha, akapima tena, ikawa 5.9. Huwa nawasimulia wanafunzi kisa hiki nikiwa nimeshika kichupa chenyewe.

Lakini kichupa hicho wamekijaza hadi shingoni. Galiamu huyeyuka kwenye nyuzi 29.8 za Selsiasi, na kijitabu chao kinakuhimiza ukishike mkononi mpaka iyeyuke. Tukafanya hivyo. Kisichosemwa ni kwamba galiamu, kama maji, hutanuka inapoganda, kwa takriban asilimia 3. Ilipoganda tena ilikipasua kioo kwa ufa mwembamba kama unywele, nami sikuuona. Alasiri moja ya joto ikayeyuka, ikapenya ufa, ikatambaa chini ya sponji hadi kwa jirani yake.

Alumini hujikinga kwa ngozi nyembamba ya oksaidi, yaani alumini iliyoungana na oksijeni. Bahati mbaya, wiki hiyo tulikuwa tumeukwangua mchemraba wetu kwa msumari ili kuonyesha mng'ao ulio chini ya ngozi hiyo. Galiamu ikaingilia hapo, ikajipenyeza kati ya punje za metali na kuzitenganisha. Jumatatu niliunyanyua, kona ikamegeka vidoleni kama chaki iliyolowa. Kipande kilichobaki nilikivunja kwa mkono mmoja. Niliumia, kwa sababu mtengenezaji anayezijua elementi kiasi cha kuzipanga vizuri hivi alikuwa na kila sababu ya kujua hili. Kichupa cha plastiki kisichojaa kingetosha kabisa.

Ya pili ni risasi. Wameiacha uchi, sawa na vipande vingine, na kijitabu hakina hata mstari mmoja wa onyo. Risasi ni sumu, na hubaki vidoleni. Mimi yangu nimeitia ndani ya kifuko cha plastiki kilichofungwa kwa joto, na mkono bado unauhisi uzito wake vizuri tu.

Kijitabu chenyewe ni chepesi. Kinakwambia alama ya tangsteni ni W bila kutaja Wolfram, jina lake la Kijerumani, na ya risasi ni Pb bila kutaja plumbum, jina lake la Kilatini. Ndilo swali la kwanza la kila mwanafunzi. Uchapaji ni safi, vibandiko havijabanduka.

Niliwaandikia wauzaji. Baada ya wiki tatu wakaniletea alumini mpya na galiamu mpya, bila ubishi, na kwa hilo nawashukuru. Galiamu imekuja kwenye kichupa kilekile cha kioo, imejaa vilevile.

Walimu wenzangu, nunueni. Sijaona kifaa kingine kinachomfanya mtoto wa darasa la kemia aombe kurudia zoezi la kupima. Ila siku sanduku likifika, itoeni galiamu kabla ya somo lolote, ihamishieni kwenye chombo cha plastiki chenye nafasi, na muiweke kabati tofauti. Shimo lake chini ya alumini nimelibandika karatasi yenye alama Ga na namba 31.