Kitalu cha barabara ya Njoro: rozimari safi, maigoya ghali

Kama uko Nakuru na umechoka kuuziwa miche isiyo na jina, jaribu kitalu chenye neti ya kijani, upande wa kushoto ukielekea Njoro. Mimi hununua hapo mimea ya nyuki wangu wa Lanet. Rozimari ni shilingi 100, na mizizi imeshika udongo barabara; ukipasua karatasi, hakuna kinachomwagika.

Ila vibao ndivyo vilivyoniteka. Cha rozimari kinasema *Salvia rosmarinus*, na chini kwa herufi ndogo, *Rosmarinus officinalis*. Nikamwuliza kijana anayehudumia kama wameichanganya na seji, ambayo nayo ni Salvia. "La, mama, la juu ndilo jina jipya." Akachuma ua la rozimari na la seji, akayafungua kwa kucha: kila moja lina stameni (viungo vya kiume vya ua) mbili. La mrihani lilikuwa na nne. Kufanana huko kulijulikana zamani, lakini kesi ilikatwa na DNA, iliyoonyesha kwamba rozimari imeota katikati ya ukoo (jenasi) wa Salvia. Ama uuvunje ukoo wenye spishi karibu 1,000, ama uikaribishe rozimari ndani. Mwaka 2017 mtaalamu wa mimea Bryan Drew na wenzake wakachagua kukaribisha: spishi 15 tu kutoka jenasi tano ndogo zikabadilishwa jina. Hata mimi, ninayeandika vibao vyangu kwa mkono, ningechagua hivyo.

Maigoya nayo imeandikwa *Coleus barbatus*. Wengi tuliisoma kama *Plectranthus*, hadi mwaka 2019 Alan Paton wa bustani ya mimea ya Kew, London, na wenzake walipoirudishia Coleus hadhi yake ya jenasi, ushahidi wa DNA ukiwa mojawapo ya sababu. Jina sawa, bei hapana. Shilingi 150 kwa mmea wa uzio, ambao unakata tawi kwa jirani, unachomeka ardhini na unashika! (Waliokulia kijijini wanajua majani yake hayaivishi ndizi tu.)

Nanaa niliiacha. Chini ya majani kulikuwa na nzi weupe, na kibao kiliandikwa *Mentha* basi. Kijana alijitetea kwamba nanaa huzaana zenyewe kwa zenyewe hadi mtu hajui ipi ni ipi, na hapo ana hoja, maana hata pepaminti ni chotara. Lakini nzi weupe hawana utetezi.

Malipo ni kwa M-Pesa. Nenda asubuhi, kabla rozimari zenye maua hazijaisha.