Ushauri wa Utafiti kwa Madaktari Wanaosomea Ubingwa, Ganjoni, Mombasa

Kwa daktari anayesomea ubingwa, ambaye zamu za usiku humwachia muda mchache wa kuandika tasnifu, huduma hii ya Ganjoni ina manufaa makubwa, hasa kwa kuwa mshauri hakuandikii kazi bali huketi nawe mkaipitia pamoja. Swali langu kuhusu shinikizo la damu kwa wajawazito lilikuwa pana mno. Alilipunguza kwa kalamu nyekundu hadi likabaki jambo moja linaloweza kupimwa kutokana na majalada ya wagonjwa, kisha akanieleza kwa nini ukubwa wa sampuli hukokotolewa kabla ya kukusanya data. Maombi ya kibali cha kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi nchini Kenya) tuliyapitia kwa utulivu. Mtaalamu wa takwimu, kwa bahati mbaya, hupatikana Jumamosi pekee.